Jielezee kwa Maneno 150: Mwongozo Kamili wa Kujibu Maswali ya Jumla Kwenye Fomu za Kazi

Kijana anakuja steshenari na fomu yake. Amejaza namba ya NIDA (ile ya kitambulisho cha taifa), shule alizosoma, tarehe za vyeti, wadhamini watatu na namba zao za simu. Akifika kwenye kisanduku kilichoandikwa "Tueleze kuhusu wewe", mkono unasimama. Ananigeukia: "Kaka, hapa watu huwa wanaandika nini?"

Watu huwa wanaandika sentensi moja. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, ninayeweza kushirikiana na watu wa aina zote na kufanya kazi chini ya shinikizo." Nimeichapa sentensi hiyo kwenye maombi ya udereva, ya uhasibu, ya ualimu wa chekechea na ya ulinzi wa usiku. Haina kosa la sarufi, na pengine haina hata uongo. Lakini ukilifunika jina huwezi kujua ni ya nani, na mtu anayechambua rundo la maombi naye hawezi.

Mwongozo huu unahusu visanduku hivyo tu: jielezee, kwa nini unataka kazi hii, udhaifu wako ni upi, unajiona wapi miaka mitano ijayo, una lolote la kuongeza. CV na barua nimeziacha kwa siku nyingine. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaokwama wameanzia Hatua ya 4.

## Weka hivi mezani kwanza

- Tangazo la kazi lenyewe, lote, likiwa limechapishwa. Ile picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imekatwa chini haitoshi.
- Maswali yote ya fomu, yaliyonakiliwa kabla hujajibu hata moja. Fungua fomu, nakili maswali na ukomo wa maneno au herufi, kisha ifunge. Mifumo mingi humtoa mtu akikaa kimya muda mrefu, na majibu yasiyohifadhiwa yanapotea.
- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti.
- CV yako na vyeti, kwa ajili ya tarehe. Jibu likisema 2021 na CV ikisema 2022, umeshajitilia shaka mwenyewe.
- Mtu mmoja aliyekuona ukifanya kazi yoyote ile: msimamizi wako wa fildi (mafunzo kwa vitendo), mwenyekiti wa kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), mwenye duka uliyemsaidia likizo.
- Saa tatu zisizo na haraka. Ukianza usiku wa siku ya mwisho, saa tano na nusu, mwongozo huu hautakufaa.

## Hatua ya 1: Pigia mstari vitenzi vya tangazo

Nenda kwenye sehemu ya majukumu, chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi. Sifa kama "awe mwaminifu" na "awe na bidii" ziruke kwa sasa.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: nafasi ya afisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha. Vitenzi ni hivi: kutembelea wateja, kuhakiki dhamana, kufuatilia marejesho, kuandaa ripoti ya wiki. Sasa chagua viwili vilivyo vizito. Kizito ni kile ambacho mtu akishindwa, kazi nzima imeshindwa. Kwa afisa mikopo, hata asiyesomea fedha anajua: kutoa mkopo si kazi, kazi ni kuurudisha.

Sababu ya kufanya hivi ni moja. Anayesoma maombi yako ana karatasi ile ile mbele yake. Hakujui wewe wala kwenu, anatafuta dalili kwamba ulishawahi kufanya kitu kinachofanana na vile vitenzi.

Tahadhari. Tangazo likiwa halina majukumu yoyote, lina "nafasi 50, mshahara mnono, usaili haraka" na namba ya kutuma hela ya fomu, hapo hakuna swali la kujibu. Achana nalo.

Umefaulu kama unaweza kumweleza mdogo wako, kwa sentensi moja, mtu wa kazi hiyo anashinda akifanya nini tangu asubuhi hadi jioni.

## Hatua ya 2: Andika matukio sita ya maisha yako

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanaporuka. Kwenye daftari andika matukio sita. Tukio maana yake ni siku au kipindi fulani ambapo jambo lilitokea, wewe ukafanya kitu, na kitu kikabadilika. "Nina uzoefu wa huduma kwa wateja" halijawa tukio. "Mteja alirudisha simu mbovu Jumamosi jioni bosi akiwa safarini" hilo ni tukio.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni malezi. Sisi tumekuzwa na "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Mtoto anayejisema mbele ya wageni anakatwa jicho. Kwa hiyo ukiambiwa ujielezee, unaona haya, halafu unajificha nyuma ya maneno makubwa yasiyomhusu mtu yeyote. Haya hiyo ni nzuri, baki nayo. Ila angalia vizuri: kusema "mimi ni mwaminifu sana" ndiko kujisifu. Kusema "nilitunza hela ya michango ya harusi, milioni nne na nusu, na siku ya kikao cha kuvunja kamati nilisoma hesabu mpaka shilingi ya mwisho" ni kutoa taarifa. Cha ajabu ni kwamba watu huona la kwanza ni unyenyekevu na la pili ni majigambo.

Tatizo la pili: "Kaka, mimi sina uzoefu." Kwa wanaotoka chuo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi silijibu, nauliza tu maswali. Wewe yajibu kwa maandishi:

- Nani amewahi kukukabidhi hela, funguo, mtoto au mzigo ambao si wako? Kwa muda gani?
- Kwenye fildi, ni kazi gani walianza kukuachia ufanye bila kusimamiwa? Walianza wiki ya ngapi?
- Umewahi kuwa katibu au mweka hazina wa kikundi chochote: kikoba, kwaya, kamati ya msiba, timu ya mtaa, darasa?
- Ni lini mtu alikuja amekasirika, akaondoka ametulia?
- Ni kitu gani ulikikuta kimevurugika, ukakipanga, na baada yako wakaendelea kukifanya kwa mtindo wako?
- Ni lini uliharibu, na ulirekebisha vipi?

Swali la mwisho usiliruke, utalihitaji Hatua ya 5.

Kwa kila tukio weka namba angalau moja. Watu wangapi, siku ngapi, shilingi ngapi, magunia mangapi. Kama hukumbuki kwa uhakika, mpigie yule mtu uliyemwandaa mezani. Usibuni. Matangazo ya utumishi wa umma Tanzania yana kawaida ya kuonya kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na hata mwajiri binafsi anayo simu ya mdhamini wako.

Kisha chukua kalamu ya rangi ya pili. Pembeni ya kila tukio andika kitenzi cha tangazo linachokigusa. Tukio lisilogusa kitenzi chochote ni zuri kwa kazi nyingine, libaki daftarini.

Umefaulu kama kila kimoja kati ya vile vitenzi viwili vizito kina tukio angalau moja. Kama hakina, na umetafuta kweli, basi jiulize kama kazi hiyo ni ya kuombwa sasa. Ni afadhali ujue jibu hilo leo.

## Hatua ya 3: Libane swali

Swali la jumla ni kama mlango wa daladala: kila mtu anaingilia hapo, lakini kila mtu ana kituo chake. Kazi yako ni kujua swali linashukia wapi. Hivi ndivyo ninavyoyabana ninapokaa na mtu:

"Tueleze kuhusu wewe." Wanauliza: ni nini ulichokwisha kufanya kinachokuandaa kwa kazi hii? Hawaulizi wewe ni mtoto wa ngapi kati ya saba, ulizaliwa kijiji gani wala shule ya msingi ulisoma wapi. Hayo mengine yako kwenye CV, mengine hayawahusu.

"Kwa nini unataka kufanya kazi nasi?" Unatujua? Taja kitu kimoja cha kweli kuhusu wao ambacho umekiona: tawi, huduma, bidhaa, eneo wanalofanyia kazi. "Kwa sababu ni taasisi kubwa inayoheshimika" inafaa kila taasisi, kwa hiyo haifai yoyote.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Utatukimbia lini? Usijibu "nitakuwa na biashara yangu mwenyewe", hata kama ndiyo ndoto yako. Usijibu pia "kwenye kiti chako", watu husema hivyo wakidhani wanachekesha. Sema unataka uwe unajua kufanya nini ambacho leo hukijui, kitu ambacho ndani ya kazi hiyo kinapatikana.

"Nini kinakutofautisha na wengine?" Huwajui hao wengine, usijilinganishe nao. Toa tukio lako lenye nguvu kuliko yote.

"Una lolote la kuongeza?" Kuna kitu kwenye maombi yako ambacho kitatutia shaka? Hapa ndipo pa kueleza pengo. "Kuanzia Machi 2023 hadi Juni 2024 nilimuuguza mzazi nyumbani, sasa sina jukumu hilo" inatosha, sentensi moja. Usiombe msamaha. Kama huna pengo wala shaka, andika sentensi mbili za tukio ambalo hukulitumia kwingine. Kuandika "sina" ni kurudisha chakula ulichokaribishwa.

Limebaki moja, nalo nalitenga makusudi: "Eleza changamoto kubwa uliyowahi kupitia." Neno changamoto kwetu limebeba mengi, na nusu ya majibu ninayoyasoma ni ya misiba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, ada ikakosekana, nikauza karanga. Ni maisha ya kweli, na wakati mwingine anayenisomea hushindwa kumaliza. Sikukatazi kuyaandika. Ninachokuambia ni kwamba msomaji wa fomu anauliza jambo dogo zaidi: mambo yakiharibika kazini, wewe unafanya nini? Kifo cha mzazi hakikuwa mikononi mwako, kwa hiyo hakimwonyeshi jibu. Uuzaji wa karanga ulikuwa mikononi mwako. Ukitaka kuitumia hadithi hiyo, msiba uwe nusu sentensi, karanga zichukue zilizobaki: ulianza na mtaji gani, ulijuaje pa kuuzia, siku ya mvua ulifanyaje.

Umefaulu kama chini ya kila swali la fomu umeandika, kwa maneno yako, swali la pili lililo fupi na jembamba. Kuanzia hapa unajibu hilo la pili.

## Hatua ya 4: Andika jibu, tukio likiwa mbele

Mpangilio wake ni huu: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, nini kilitokea, linahusianaje na kazi hii. Sehemu ya pili ndiyo iwe ndefu. Wengi huimaliza karatasi kwenye hali ilikuwaje.

Hili ni jibu la kwanza la binti mmoja aliyeomba ile nafasi ya afisa mikopo. Nimebadilisha vitu vichache ili asijulikane:

"Mimi ni mhitimu mwenye shahada ya biashara, mchapakazi na mwenye ari ya kujifunza. Nina uwezo mkubwa wa mawasiliano na kufanya kazi kwa timu. Naamini nikipewa nafasi nitatoa mchango mkubwa katika taasisi yenu."

Na hili ni la pili, baada ya saa mbili na daftari:

"Kwa miaka miwili nimekuwa katibu wa kikoba cha wanachama 24 mtaani kwetu. Nilipokabidhiwa daftari, wanachama saba walikuwa wamechelewesha marejesho kwa zaidi ya mwezi. Nilimfuata kila mmoja nyumbani au kwenye biashara yake, nikakuta watano wanapata hela kidogo kidogo kila siku, kwa hiyo kulipa kwa wiki wangeweza, kwa mwezi hawawezi. Nilikiomba kikao kiwabadilishie ratiba. Baada ya miezi mitatu, sita kati ya saba walikuwa wamemaliza deni, mmoja alihama. Shahada yangu ya biashara niliipata 2022. Kufuatilia marejesho nimekufanya kwa miguu yangu, na ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoitaka."

Angalia mambo matatu. La kwanza, hakuna sifa hata moja. Hajasema ni mchapakazi, lakini hakuna atakayesoma akadhani ni mvivu.

La pili, yule mmoja aliyehama. Binti alitaka kumfuta, aandike kwamba wote saba walilipa. Nilimkatalia. Anayefanya kazi ya mikopo anajua kwamba saba kwa saba hutokea kwenye karatasi tu. Huyo mmoja ndiye anayefanya sita waaminike.

La tatu, anasema nilimfuata, nilikuta, nilikiomba. Mazoea yetu ni kusema "tulifanya", hata pale kazi ilipofanywa na mtu mmoja, kwa sababu "mimi, mimi" inakera sikioni. Kwenye fomu ile "tu-" inakumeza. Ilipokuwa kazi ya kikao, taja kikao, kama alivyofanya yeye. Ilipokuwa kazi yako, weka "ni-".

Tahadhari. Usitumie tukio moja kujibu maswali manne. Unayo sita, yagawe. Msomaji akikutana na kikoba mara ya tatu ataamini huna kingine.

Umefaulu kama jibu lako lina namba, lina kitenzi cha tangazo, na halina neno "naamini".

## Hatua ya 5: Udhaifu wako

Swali hili lina majibu matatu yaliyokufa.

"Sina udhaifu." Huyu hajijui, au anadhani anayesoma ni mtoto.

"Napenda kazi kupita kiasi, huwa nasahau hata kula." Huu ni ujanja ambao ulishachakaa kabla hujamaliza kidato cha nne. Hakuna anayedanganyika nao, na anayeusoma anahesabu kwamba umekwepa.

La tatu ni kinyume: kukiri kila kitu. Kijana aliyeomba udereva wa basi la wafanyakazi, zamu ya saa kumi na moja alfajiri, aliandika kwamba udhaifu wake ni kuamka. Alikuwa mkweli. Angeweza kuwa mkweli kwa kitu kingine.

Udhaifu unaofaa una masharti manne. Uwe wa kweli. Usiwe kwenye vile vitenzi viwili vizito. Uwe ulishaleta madhara madogo unayoweza kuyaeleza. Na uwe umeshaanza kuushughulikia kwa njia inayoonekana. Sharti la mwisho ndilo linalopima, maana "najitahidi kujirekebisha" si njia, ni dua.

Rudi kwenye lile swali la Hatua ya 2, ni lini uliharibu. Binti wa kikoba alikuwa na hili:

"Nilikuwa naona aibu kukataa. Mwaka jana nilikubali kuwa katibu wa kamati mbili za harusi kwa wakati mmoja, na moja nikaichelewesha kutoa orodha ya michango kwa wiki nzima. Tangu hapo, mtu akiniomba kazi simjibu papo hapo. Naangalia kwanza ratiba niliyoiandika, namjibu kesho yake. Mwezi huu nimekataa kamati moja."

Sentensi ya mwisho ni fupi mno kiasi cha kuchekesha, lakini ndiyo ushahidi.

Kama udhaifu wako ni ujuzi, ni rahisi zaidi. Hujui programu fulani ya hesabu, unaogopa kuongea mbele za watu, Kiingereza chako cha kuandika ni kizito. Utaje, kisha taja unachofanya na umefika wapi. Mradi usiwe ndio kazi yenyewe.

Tahadhari. Ugonjwa si udhaifu, wala ndoa iliyovunjika, wala deni. Usiviweke hapa.

## Hatua ya 6: Maswali yanayoingia hadi chumbani

Umeolewa? Una watoto wangapi, na nani atawaangalia? Unasali wapi? Wewe ni mtu wa wapi hasa?

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi kama kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na umri, na kwa kifungu hicho mwombaji kazi naye anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Kenya ina kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachomlinda hata anayetafuta kazi. Pamoja na hayo fomu zinaendelea kuuliza, na wewe unaihitaji kazi. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kama kisanduku si cha lazima, kiache wazi. Wazi si uongo.
2. Kama ni cha lazima, jibu hofu iliyo nyuma ya swali. "Nani atawaangalia watoto?" hofu yake ni utoro. Andika: "Naweza kufanya kazi kwa zamu zote zilizotajwa kwenye tangazo." Ukiwa na uhakika kwamba unaweza.
3. Usidanganye. Ndoa iliyofichwa kwenye fomu itaibuka siku unaposajili wategemezi wa bima.
4. Namba ya siri ya benki au ya simu haihusiani na maombi ya kazi popote. Ikiombwa, funga ukurasa.

Kuna maswali ya aina hii yenye sababu halali. Tangazo la serikali Tanzania likiuliza umri, mara nyingi ni kwa sababu ya sharti la kutozidi miaka 45 kwa asiyekuwa tayari kwenye utumishi. Waombaji wenye ulemavu wanatakiwa kuainisha ulemavu wao kwenye mfumo, na matangazo hayo hayo yanawahimiza waombe, usifiche. Na ndugu wa Kenya mkikuta fomu ya ajira ya umma inauliza kabila, msishtuke: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na hesabu hiyo haiwezi kufanyika bila kuuliza.

## Hatua ya 7: Lugha, urefu na kubandika

Fomu nyingi zinataka Kiingereza. Andika kwa Kiswahili kwanza, lote, kama nilivyoonyesha, ndipo uhamishe. Anayeanza kwa Kiingereza asichokimiliki huishia kuazima sentensi za watu, na sentensi za watu ndizo zile za mchapakazi mwenye kujituma. Tukio ukilijua vizuri kwa lugha yako, Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinalibeba bila shida.

Hali ni ile ile kwa akili mnemba. Watu wanaibandikia swali, wanachukua jibu. Nimepokea siku moja vijana watatu wenye aya moja, tofauti ikiwa jina la chuo. Itumie kusahihisha sarufi ya tukio lako, kisha soma neno kwa neno ilichorudisha, maana ina tabia ya kukuongezea mafanikio ambayo hukuyapata.

Hesabu urefu. Maneno 150 na herufi 150 ni vitu viwili. Herufi 150 ni kama sentensi mbili, na nafasi kati ya maneno kwa kawaida nazo zinahesabiwa. Ukizidisha, mifumo mingine inakata mkia bila kukuambia. Unapopunguza, anza kufuta utangulizi. Tukio lisiguswe.

Andikia kwenye faili lako, ubandike kwenye fomu mwishoni, kisha usome upya ndani ya kisanduku. Alama za nukta na mistari hupenda kugeuka viroja baada ya kubandikwa.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla hujatuma

Funika jina lako, mpe mtu uliyesoma naye asome. Muulize: "Ungeweza kuweka jina lako hapa?" Akisema ndiyo, rudi Hatua ya 2.

Kisha msomee kwa sauti yule anayekufahamu kikazi. Akikunja uso kwenye namba fulani, namba hiyo ina tatizo.

Mwisho, kwa kila jibu andika maswali matatu ambayo msaili mkorofi angeyauliza juu yake, na uyajibu daftarini. Hifadhi nakala ya fomu yote ikiwa na tarehe, kwa sababu kati ya kutuma na kuitwa inaweza kupita miezi, na nimeshaona watu wanaoulizwa kuhusu jibu lao wenyewe wakabaki wanauliza, "Niliandika hivyo?"

Binti wa kikoba aliitwa baada ya wiki kumi. Jopo la watu watatu, na swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Huyo mmoja aliyehama, mlimfanyaje?" Daftarini kwake lilikuwa swali namba mbili. Akawaambia alimfuata mdhamini wake.